Ororo Munroe na Waandishi Wake

1975: Kijiji kisicho na jina

Kitabu cha katuni kilichomzaa Ororo Munroe kilitoka New York mwaka 1975, kikauzwa senti 50 za Marekani. Kiliitwa Giant-Size X-Men, toleo la kwanza, na kampuni ya Marvel ilikitoa kwa kubahatisha. X-Men, kundi la vijana waliozaliwa na nguvu za ajabu na kuogopwa na binadamu wenzao, lilikuwa limedorora sokoni. Tangu 1970 Marvel haikuwaandikia visa vipya, ilichapa upya vile vya zamani. Ndipo likaja wazo la kuunda kundi jipya la watu wa mataifa mbalimbali, kwa matumaini kwamba vitabu vingeuzika pia nje ya Marekani. Akapatikana Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mwairish, Mjapani na Mwapache. Kutoka Kenya akaletwa mwanamke wa nywele nyeupe anayeamuru mvua. Wakampa jina la kishujaa, Storm.

Mchoraji alikuwa Dave Cockrum na mwandishi Len Wein. Cockrum hakuanza na Mkenya kichwani. Alikuwa na michoro ya mwanamke anayejigeuza paka, na mingine ya mwanamume mwenye nguvu za hali ya hewa. Wanawake paka walikuwa wameshaanza kujaa katika katuni za wakati huo, kwa hiyo wahusika hao wawili wakaunganishwa kuwa mmoja. Macho ya paka yalibaki, nguvu za mvua na radi zikaongezwa. Kuhusu nywele nyeupe kulikuwa na wasiwasi ofisini kwamba zingemzeesha binti huyo, lakini Cockrum alishikilia msimamo wake, na zimebaki hivyo hadi leo.

Tukio la kwanza ni fupi. Kijiji kimekaukiwa, watu wamepiga magoti, wameleta sadaka. Ororo anajitokeza karibu uchi, nywele ndefu zikimsitiri, anainua mikono na mvua inashuka. Kisha Profesa Charles Xavier, Mmarekani aliyekalia kiti cha magurudumu, anamwambia kwamba yeye si mungu. Ni mutanti, binadamu aliyezaliwa na kipaji, na nguvu zake ni deni analodaiwa na ulimwengu mzima. Anamwalika aende naye Marekani. Anakubali.

Ukilisoma tukio hilo ukiwa Afrika Mashariki, jambo la kwanza unalolitafuta halimo. Wanakijiji hawana jina la kabila, hawana lugha, hawana mzee anayemfahamu binti huyu ni wa nani. Ni migongo iliyoinama tu. Mwaka huohuo wa 1975 Nairobi ilikuwa na katuni zake. Jarida la Joe la Terry Hirst na Hilary Ng'weno lilikuwa likiwachora wafanyakazi wa mjini, madeni yao na ulevi wao, na Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa mwenyeji katika kurasa za Taifa. Wakenya wa katuni hizo walipanga vyumba, waligombana na wake zao, walichelewa kazini. Kenya ya Len Wein ilitoka katika filamu za Hollywood, na ilihitajika kwa kurasa chache tu, hadi shujaa apande ndege.

Suala la mvua nalo linauma kwa namna yake, kwa sababu waita mvua wapo kweli. Huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umefanya kazi hiyo kwa vizazi vingi. Husoma miti inavyochanua, wadudu wanavyohama na upepo unavyogeuka, wana msitu wao wa matambiko na vyungu vyao, na katika karne hii wamekaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kulinganisha utabiri wa msimu. Kusini, katika Limpopo, Balobedu wametawaliwa na malkia wa mvua wanaoitwa Modjadji tangu takriban mwaka 1800. Mwita mvua halisi ana jamaa, ana mwiko, ana wapinzani, na mvua isiponyesha anaulizwa. Ororo wa 1975 haulizwi na mtu. Anaabudiwa, basi. Uungu wa namna hiyo ni mwepesi kuandika na mwepesi kuuacha, na Wein aliuacha mara moja, kwani baada ya toleo hilo alimkabidhi mhusika wake kwa kijana mwingine.

1976 hadi 1982: Mtoto wa Harlem na Cairo

Kijana huyo alikuwa Chris Claremont, mzaliwa wa London aliyekulia Marekani, aliyewahi kutamani kuwa mwigizaji wa jukwaani. Alipopewa X-Men hakuna aliyekuwa na matarajio makubwa na kitabu hicho, na hiyo ikawa bahati yake, kwani alipata uhuru wa kuandika apendavyo. Akakaa humo miaka kumi na sita. Hakuna mwandishi aliyemtengeneza Ororo kuliko yeye, kwa mema na kwa mapungufu.

Katika X-Men namba 102, mwishoni mwa 1976, alimpa historia. Ororo alizaliwa New York. Baba yake, David Munroe, alikuwa mpiga picha wa habari kutoka Harlem. Mama yake, N'Dare, alikuwa binti wa ukoo wa kifalme nchini Kenya, ingawa ukoo wenyewe Claremont hakuufafanua. Familia ikahamia Cairo. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Mfereji wa Suez, ndege ya kivita ikaangukia nyumba yao. Wazazi wakafa. Mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Aliokotwa na Achmed el-Gibar, bwana wa wezi, akafundishwa kufungua kufuli na kuchomoa pochi. Baadaye, akiwa msichana, akasukumwa na kitu asichokielewa kutembea kwa miguu kuelekea kusini, hadi mbuga za Serengeti. Hadithi haikujali sana mpaka wa Kenya na Tanzania ulipo.

Historia hiyo ilibadilisha kila kitu. Mungu wa kijiji akawa yatima wa mjini. Mwanamke anayeonekana mtulivu kuliko wote kundini akawa na hofu ambayo ukimfungia chumbani inamrudisha kuwa mtoto anayepiga kelele. Claremont akaongeza kanuni moja ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa mhusika huyu: hali ya hewa inafuata moyo wake. Akikasirika, radi. Akihuzunika, mvua isiyokatika. Kwa hiyo utulivu wake haukuwa tabia ya kuzaliwa, ulikuwa kazi ya kila saa. Alizuia machozi kwa sababu machozi yake yangeweza kuzamisha nyumba ya jirani. Mwaka 1981 adui yao Doctor Doom alipomgeuza sanamu ya chuma huku akili yake ikiwa hai ndani, hofu yake ya kufungiwa ililipuka ikawa dhoruba iliyotishia dunia, na msomaji akaelewa ni mzigo gani mwanamke huyu alikuwa ameubeba kimya kwa miaka yote hiyo.

Lugha aliyopewa ilikuwa ya juu. Alizungumza kwa upole rasmi, akaapa kutoua, akamwapia Mungu wa Kike Mkuu katika kila balaa. Mwafrika wa fahari namna hiyo ana hatari yake, kwani mtu akishapewa heshima nyingi hukosa nafasi ya kucheka au kukosea. Claremont, nadhani, aliiona hatari hiyo mapema kuliko wasomaji wake. Mwaka 1980, kiongozi wa kundi, Cyclops, alipoondoka baada ya kifo cha mwenzao Jean Grey, Claremont alimkabidhi Ororo uongozi wa X-Men. Kitu kama hicho, mwanamke Mweusi akiongoza kundi mashuhuri la mashujaa, kilikuwa hakijazoeleka kabisa katika katuni za Marekani. Na mara tu alipokuwa kiongozi alianza kuamua mambo ambayo mungu wa 1975 hakuwahi kuamua: nani aende vitani, nani abaki, nani aachwe nyuma.

Mwaka huohuo, katika Marvel Team-Up namba 100, Claremont na mchoraji John Byrne waliweka mbegu ndogo. Ororo, akiwa bado msichana anayesafiri peke yake, anamwokoa kijana T'Challa, mrithi wa kiti cha nchi ya kubuni ya Wakanda, kutoka mikononi mwa watekaji wa Kizungu kutoka Afrika Kusini. Wanapendana kwa muda mfupi, kisha kila mmoja anashika njia yake. Mbegu hiyo ililala miaka ishirini na sita.

1983 hadi 1986: Kiduku, bunduki na ukame

Miaka hii mitatu ndiyo kilele, na sitaipita haraka.

Inaanzia chini ya ardhi, katika mahandaki ya Manhattan wanamoishi Morlocks, mutanti waliofukuzwa na sura zao. Kiongozi wao, Callisto, amemteka mmoja wa X-Men. Sheria yao ni kwamba uongozi hutwaliwa kwa pambano la kufa na kupona. Ororo ni mgonjwa, yuko chini ya ardhi anakokuogopa kuliko kifo, na aliapa kutoua. Katika toleo la 170, mwaka 1983, anachukua kisu, anapigana na Callisto na kumchoma moyoni. Callisto anaokolewa na mganga wao, lakini Ororo hakujua kwamba ataokolewa alipochoma. Wenzake wanamtazama kama mtu wasiyemjua. Claremont hakumpa udhuru wowote.

Matoleo matatu baadaye, huko Japani, baada ya siku chache na mwanamke mkorofi aitwaye Yukio anayecheka hatarini, Ororo anarudi kwa wenzake amevaa kizibao cheusi cha ngozi na nywele amezinyoa kiduku. Paul Smith ndiye aliyechora. Binti mdogo wa kundi, Kitty Pryde, aliyekuwa akimwona Ororo kama mama, anashindwa kumtazama, anakimbia akilia. Wasomaji wengi nao walishtuka. Nywele zile ndefu zilikuwa zimemsitiri tangu ukurasa wake wa kwanza, zilikuwa vazi lake la uungu, na sasa amezikata mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa miaka minane wengine walikuwa wamesema yeye ni nani: wanakijiji, Xavier, Kitty. Hapa kwa mara ya kwanza anajibu.

Inafaa kukumbuka kwamba wahariri wa Claremont katika miaka hiyo walikuwa wanawake, kwanza Louise Jones, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Simonson, kisha Ann Nocenti. Wote wawili walikuwa pia waandishi, na Ororo wa kipindi hicho ana alama ya meza ambayo wanawake walikuwa wakiamua pamoja na mwandishi.

Kisha Claremont akafanya jambo ambalo waandishi wengi wa mashujaa huliogopa. Alimnyang'anya nguvu. Mwaka 1984, katika toleo la 185, serikali ya Marekani inatumia bunduki inayozima vipaji vya mutanti. Inalengwa kwa mwenzake Rogue, inampata Ororo. Aliyeibuni bunduki hiyo ni Forge, Mcheyenne, mkongwe wa vita vya Vietnam, fundi asiye na mfano. Toleo linalofuata, liitwalo Lifedeath, lilichorwa na Barry Windsor-Smith na halina adui hata mmoja wa kupigana naye. Ni watu wawili ndani ya nyumba ya Forge huko Dallas. Ororo hataki kula, hataki kuamka. Alikuwa akihisi upepo kama wengine wanavyohisi ngozi yao, na sasa hahisi kitu. Forge anamuuguza, wanaanza kupendana, na ndipo Ororo anagundua kwamba mkono unaomlisha ndio uliotengeneza bunduki. Anaondoka kwa miguu.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1985 katika toleo la 198, na ikamrudisha Afrika. Huu ulikuwa mwaka wa njaa ya Ethiopia, na Marvel ilitoa kitabu maalumu cha X-Men, Heroes for Hope, kwa wazo la Jim Starlin na Bernie Wrightson, kusaidia waathirika wa njaa barani. Humo waliandika watu mashuhuri, akiwemo Stephen King. Toleo la 198 halikuwa la hisani, lakini lilipumua hewa ileile. Ororo anakanyaga nchi iliyokauka, akiwa binadamu asiye na uwezo wa kuita hata wingu. Anafika kijijini akiwa pamoja na mwanamke mjamzito. Mtoto anazaliwa, na mzee wa kijiji anachagua kuondoka duniani ili uhai mpya upate nafasi katika ardhi isiyoweza kuwabeba wote.

Kisa hiki kinaweza kulaumiwa, na lawama ni ya haki. Afrika yake bado haina ramani, na hekima ya wazee wake imesafishwa hadi ikakosa harufu ya moshi wa jikoni. Hata hivyo ukilinganisha na 1975 utaona umbali uliotembewa. Wanakijiji wana majina. Wana uchungu wao. Ukame una sababu, na mwanamke aliyewahi kupokea sadaka kwa kuleta mvua sasa anashika mkono wa mzazi, kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kufanya. Waandishi waliofuata wamempa Ororo vyeo vingi. Hakuna aliyempa kurasa kubwa kuliko hizi.

Mwanzoni mwa 1986, akiwa bado hana nguvu, anapambana na Cyclops kuamua nani aongoze X-Men. Cyclops, anayetoa mionzi machoni inayovunja milima. Ororo anashinda kwa akili na kwa ujuzi wa mwizi wa Cairo.

1987 hadi 2000: Wachoraji wanatawala

Nguvu zilirudi mwaka 1988. Katika miaka iliyofuata Claremont alijaribu mambo mengi kwa pupa, likiwemo la kumrudisha Ororo utotoni kwa muda, akiwa mwizi tena, ndipo akakutana na mwizi mwenzake, Gambit. Kasi ilikuwa kubwa na umakini ukapungua. Nje ya hadithi, biashara ilikuwa imebadilika. Wachoraji vijana kama Jim Lee walikuwa wakiuza vitabu kwa michoro yao, na mwaka 1991 X-Men mpya namba 1 iliuza zaidi ya nakala milioni nane. Claremont, baada ya mvutano na mhariri Bob Harras kuhusu nani anaamua hadithi, aliondoka mwaka huohuo.

Ororo aliyebaki alikuwa mzuri sana wa kutazama. Nywele ndefu, vazi jeupe linalong'aa, joho linalopepea. Akawekwa kuongoza nusu ya kundi, lakini maamuzi yake yakawa maagizo ya vitani tu. Scott Lobdell alimpa mwaka 1992 tukio moja la kukumbukwa: Forge anamposa, kisha kabla hajajibu anaondoa posa yake, akiamini atakataliwa, na Ororo anabaki na jibu la ndiyo mdomoni. Ni tukio zuri kwa huzuni yake. Baada yake, kwa miaka mingi, maisha yake ya ndani yaliachwa yalale.

Mfululizo wa katuni za televisheni ulioanza 1992 ulimpeleka kwa mamilioni ambao hawakuwahi kufungua kitabu. Humo alizungumza kama anayetoa hotuba, akiuita upepo kwa sentensi ndefu kila alipoinua mkono. Watoto waliipenda sauti hiyo, na ni kweli ilikuwa na uzito. Lakini ilikuwa sauti ya 1975, ya mungu juu ya mwamba, si ya mwanamke aliyemchoma Callisto. Filamu ya X-Men ya mwaka 2000 ikafanya kinyume. Halle Berry, aliyemwigiza Ororo, alipewa lafudhi ya Kiafrika iliyotoweka katika filamu zilizofuata, na maneno machache mno. Historia ya Cairo na Kenya haikuguswa. Kiongozi wa X-Men akawa mwalimu wa shule anayerusha radi pale hadithi inapohitaji radi.

2006 hadi 2012: Bibi arusi wa Wakanda

Mbegu ya 1980 iliota mikononi mwa Reginald Hudlin. Hudlin alikuwa mwongozaji wa filamu na kiongozi katika kituo cha televisheni cha BET, na alipoandika Black Panther, kitabu cha T'Challa, alikuwa na dhamira iliyo wazi: kuwaonyesha watu Weusi wenye mamlaka, mali na mapenzi ya kifahari, bila kuomba radhi kwa yeyote. Akaamua T'Challa amwoe Ororo. Mwandishi wa riwaya Eric Jerome Dickey akapewa kazi ya kusimulia upya ujana wao katika mfululizo wa matoleo sita, na mwaka 2006, katika Black Panther namba 18, ndoa ikafungwa. Vazi la bibi arusi lilibuniwa na Shawn Dudley, mbunifu wa mavazi wa tamthilia ya televisheni.

Naielewa furaha ya wengi waliosoma toleo hilo. Wasomaji Weusi wa Marekani walikuwa wamesubiri miongo mingi kuona harusi ya namna hiyo. Pia ilimtoa Ororo kwenye shule ya Xavier ambako kwa miaka kumi na mitano alikuwa pambo. Dwayne McDuffie, alipowaandika wawili hao mwaka 2007 ndani ya Fantastic Four, aliwapa ucheshi na mazoea ya watu waliooana kweli, na ni kati ya kurasa chache za kipindi hicho ambamo Ororo anaonekana kustarehe.

Lakini gharama ilikuwa kubwa. Mwanamke aliyejitwalia uongozi mara mbili kwa mikono yake sasa alikuwa malkia kwa sababu ya mume. Nchi ya kubuni ikaimeza nchi halisi. Kenya ya mama yake, ambayo tayari ilikuwa imechorwa kwa kalamu hafifu, ikafifia kabisa nyuma ya minara ya Wakanda, kana kwamba Afrika moja inatosha kwa hadithi moja. Na cheo kilichotolewa na mwandishi mmoja kiliondolewa na mwingine. Mwaka 2012, katika kisa cha vita kati ya X-Men na kundi jingine la mashujaa, Avengers, Namor, mfalme wa bahari, anaizamisha Wakanda kwa maji. Ororo, aliyekuwa upande wa X-Men, anakuja kusaidia waliofikwa na mafuriko. Katika toleo la tisa, lililoandikwa na Jason Aaron, T'Challa anamwambia kwamba ndoa imebatilishwa na kuhani mkuu wa Wakanda, na kuhani huyo ni yeye T'Challa mwenyewe. Miaka sita ya ndoa ilimalizwa kwa mazungumzo yasiyojaza ukurasa wa pili, na mke hakuulizwa. Sioni kama Aaron alikuwa na nia mbaya. Hadithi ilikuwa ya vita vya makundi mawili, na ndoa ilikuwa kikwazo. Hivyo ndivyo mhusika anavyotendwa akiwa nyongeza katika kitabu cha wengine.

2013 hadi 2022: Kitabu chake, kisha sayari yake

Mwaka 2013 Brian Wood alimweka kwenye X-Men ya wanawake pekee, na kiduku kikarudi. Mwaka uliofuata, takriban miaka arobaini baada ya kuzaliwa kwake, Ororo alipata kwa mara ya kwanza mfululizo wake wa kudumu, ukiandikwa na Greg Pak na kuchorwa na Victor Ibañez. Kabla ya hapo alikuwa amepewa mifululizo mifupi tu, kama ule wa Warren Ellis wa 1996. Pak alimuuliza Ororo swali ambalo Wein hakuliuliza: mwenye uwezo wa kuzuia mafuriko katika nchi ya watu, anakwenda huko kwa ruhusa ya nani? Tangu toleo la kwanza, anapookoa kijiji kando ya bahari, anakutana na askari na wanasiasa wasiopenda kuokolewa na mgeni. Katika toleo jingine anarudi Kenya, na Forge yuko huko akihangaika na tatizo la maji kwa mitambo yake. Mwita mvua hatimaye alikuwa akiulizwa maswali. Mfululizo ulisimama mwaka 2015 baada ya matoleo kumi na moja.

Ta-Nehisi Coates, aliyeanza kuandika Black Panther mwaka 2016, aliurudisha uungu, na hapo ndipo ninapokubali kwamba wazo la zamani si lazima liwe bovu. Katika kisa chake Wakanda imeachwa na miungu yake. Watu wanamwita Ororo Hadari-Yao, na sala zao zinamwongezea nguvu hadi anakuwa zaidi ya alivyowahi kuwa. Kwa Wein ibada ilikuwa kosa la watu wasiojua. Kwa Coates ibada ni mkataba: wanaoamini wanatoa kitu, na anayeaminiwa anakuwa na deni kwao. Waumini wana akili, wana historia, wana haki ya kudai.

Mwaka 2021 Gerry Duggan alimpa sayari ya Mars, iliyofanywa kukalika na kupewa jina Arakko, na Ororo akawa mtawala wake kwa niaba. Al Ewing, katika X-Men Red ya 2022, ndiye aliyeifanya kazi hiyo iwe na maana. Wenyeji wa Arakko ni wapiganaji waliokaa vitani kwa maelfu ya miaka na hawamstahi mtu kwa uzuri wake. Ororo anapaswa kupata kiti chake kwenye baraza lao na kukilinda kila siku, na anashuku mamlaka yake mwenyewe kuliko wapinzani wake wanavyoyashuku. Ni yuleyule wa mahandaki ya 1983, akiwa na umri zaidi.

2024: Kalamu kutoka Nigeria

Mwaka 2024 katuni za televisheni zilirudi kwa jina la X-Men '97, na zikatenga sehemu za vipindi viwili kwa Lifedeath, kisa cha bunduki na Forge. Watu waliomjua Ororo wa hotuba tu walimwona kwa mara ya kwanza akiwa hana upepo wa kuuamuru.

Oktoba mwaka huohuo Marvel ilianzisha mfululizo mpya uitwao Storm, ukichorwa na Lucas Werneck na kuandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria. Katika toleo la kwanza mtambo wa nyuklia unalipuka Oklahoma City. Ororo anaokoa wengi, kisha anagundua kwamba mionzi imemdhuru mwili wake. Ayodele anaandika kwa sauti kubwa: miungu ya radi, nguvu za ulimwengu mzima, mauti na kurudi. Wengine wanaona amezidisha chumvi. Mimi naona mtu aliyekulia karibu na hadithi ambamo radi ina mwenyewe na mwenyewe ana jina, kwa hiyo haogopi kumwandika Ororo mkubwa, na anapomfanya mkubwa hawapigishi watu magoti.

Bado hajaandikwa na Mkenya katika kitabu cha kudumu. N'Dare, mama aliyekufa kwenye kifusi cha Cairo, amebaki mstari mmoja katika wasifu wa binti yake: binti wa kifalme kutoka Kenya, kwa ukoo usiojulikana, aliyeolewa na mpiga picha na kuondoka. Alikutana na David Munroe wapi, na alizungumza naye lugha gani? Wazee wake walisema nini alipofunga safari ya New York? Ndugu zake wangapi walikuwa hai siku Xavier alipofika na kumchukua mjukuu wa nyumba yao bila kupiga hodi kwa yeyote? Wein hakuwa na kurasa za maswali hayo, na waliomfuata walikuwa na mengine ya kuandika. Kwa msomaji wa Bunyore, Kitui au Arusha, ndiyo ya kwanza kuulizwa.